Muhogo Alionitafunia Siwema

Novemba 11

Daktari Winfrida kanipa daftari hili, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kasema niandike kila siku nilichokula, na kama kimeshuka au kimerudi. Nikamwambia, binti yangu, mimi shule niliishia darasa la nne, nilikuwa na sababu zangu na mwalimu alikuwa na za kwake. Akasema, "Mzee Elieza, andika hivyo hivyo unavyosema. Nitasoma mwenyewe." Haya, na asome.

Leo: ugali wa muhogo, kiasi cha ngumi ya mtoto. Samaki mgebuka, kipande cha mkia. Ugali umeshuka. Mkia umerudi.

Novemba 12

Uji. Umeshuka. Mvua.

Novemba 14

Uji. Umerudi, umekuja na chai ya jana. Mvua tena.

Novemba 19

Kile kinyama walichoninyofoa tumboni mwezi wa tisa kilipanda ndege kwenda Dar es Salaam. Mimi mwenye tumbo sijapanda ndege hata siku moja. Leo majibu yake yamerudi.

Tuliingia mimi na mke wangu Skolastika. Daktari akasema, "Mzee, saratani tulishaijua. Kilichoongezeka ni kwamba ndani ya huo uvimbe kuna virusi."

Skolastika akaruka kwenye kiti. "Ukimwi?" Akanitazama kama anayenipekua mifuko.

"Siyo hivyo, Mama. Hivi ni vingine, vya zamani. Vinapita kwenye mate. Mtu anavipata utotoni, kwa kuchangia kikombe, kubusiwa, kutafuniwa chakula..."

Daktari aliendelea kusema kwa muda mrefu na mkono wake ukipanda na kushuka. Lakini mimi nilikuwa nimeteremka kwenye lile neno, kutafuniwa, na gari likaniacha hapo.

Maana mimi nilitafuniwa. Mama yetu alikufa nina miezi saba. Dada yangu Siwema alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hapakuwa na ng'ombe wala maziwa ya kopo, palikuwa na muhogo. Siwema aliuchemsha, akautafuna, akanitilia mdomoni kwa kidole. Ndivyo nilivyoota meno. Hilo si siri, Ujiji nzima inajua, mwenyewe hulisimulia kila Idi.

Jioni: chai, nusu andazi. Vimeshuka.

Novemba 24, Jumapili

Wageni wamekuja kunipa pole. Ukiugua hapa Bangwe watu huja wengi, wakakaa, wakala, ukabaki unajiuliza mgonjwa ni nani. Nikodemu alikuwepo, ambaye tumeziba naye nyufa za maboti kule Kibirizi kwa pamba na mawese miaka thelathini. Huyo ukimwambia mvua inanyesha anacheka.

Dada Siwema kaja kwa bajaji kutoka Ujiji. Miaka themanini na miwili. Aliolewa na Mwislamu huko akasilimu, na mimi nikabaki na Yesu wangu wa kanisa la bati, na hatujawahi kugombana kwa hilo. Kaleta muhogo uliopondwa na mawese, bakuli limefungwa kwa kitambaa. Akakaa chini mkekani karibu na miguu yangu.

"Mdogo wangu, daktari kasemaje?"

"Kasema ni mate yako, Dada."

"Mate yangu?"

"Si ulinitafunia muhogo? Ukanitilia na mdudu humo humo. Kakaa kwangu miaka sabini na moja kama mgeni mpole. Sasa kaanza kujenga."

Nikodemu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Wote wakacheka. Siwema naye akacheka, akavuta khanga akafunika mdomo. "Wewe Elieza! Umeninyonya kidole mpaka kikageuka rangi, leo unanishtaki kwa muhogo!" Ikawa kicheko juu ya kicheko. Nilijisikia mzima.

Chai ilipopita Dada hakunywa. Alisema jino linamuuma. Anayo manne, basi moja lina haki ya kuuma.

Muhogo wake: umeshuka wote.

Desemba 3

Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani. Wameniambia nywele zitatoka. Nikawauliza zipi.

Desemba 4

Maji. Yamerudi.

Desemba 5

Vivyo hivyo.

Desemba 9

Mdomo una vidonda kama nimelamba makaa. Uji wa baridi. Umeshuka kwa kusukumwa. Ziwa limepanda, limekula nusu ya uwanja wetu wa kazi pale Kibirizi. Nikodemu anasema boti ya Mkongo mmoja imeziba nyufa yenyewe kwa kuvimba maji. Mpumbavu.

Desemba 15

Nikodemu alikwenda Ujiji kununua pamba. Alipita kwa Siwema. Anasema Dada sasa hali kwenye sinia.

Asiyejua aelewe: kule kwa Siwema wanakula sinia moja, watoto, wajukuu, vitukuu, mikono yote humo. Yeye ndiye hugawa vinofu vya samaki. Sasa kajitenga pembeni ya ukuta na bakuli lake, kalifunga uzi mwekundu lisichanganyike na mengine. Kikombe chake anakisugua kwa jivu mwenyewe. Vitukuu wakimkimbilia anawapa mgongo.

"Nimemwambia, Bibi Siwema, ule ulikuwa utani," anasema Nikodemu. "Akaniambia, najua. Halafu akahamisha bakuli lake mbali na mguu wangu."

Nikacheka. Nimeandika kwamba nilicheka kwa sababu Daktari alisema niandike kila kitu.

Ugali, vidole vitatu. Umeshuka.

Desemba 25

Kila Krismasi Siwema huja kula pilau kwetu, na kila Idi sisi huenda kula kwake. Mwaka huu hakuja. Kamtuma mjukuu wake Shadia, yule anayekaa naye, na kuku mzima aliyechinjwa. Shadia kasema, "Bibi anawasalimu, kasema kuku hakumgusa yeye, kachinja na kunyonyoa jirani."

Skolastika akaingia jikoni na yule kuku. Alipotoka alisema maneno mawili tu. "Mdomo wako!"

Pilau: limerudi.

Januari 4

Dripu. Siandiki.

Januari 7

Skolastika ananisumbua niende Ujiji. Nimemwambia mgonjwa ni mimi, anayepaswa kuja ni yeye. Akasema, "Baba Gideon, mgonjwa ni wewe, lakini anayekufa sijui ni nani."

Ili nipate usingizi nimemtuma Nikodemu. Nimempa salamu fupi: "Mwambie Dada asiwe na wasiwasi, daktari amemsamehe." Nikodemu akacheka, akaondoka akiirudia njiani asiisahau.

Uji. Umeshuka.

Januari 9

Nikodemu karudi. Hakucheka.

"Umefikisha?"

"Neno kwa neno."

"Kasemaje?"

"Kaendelea kusugua kikombe chake kwa jivu. Halafu akasema, 'Kumbe lilikuwa kosa kweli, mpaka likahitaji kusamehewa.'"

Nikamwuliza Nikodemu habari za ziwa.

Januari 10

Sikula.

Januari 22

Uji, mchuzi wa dagaa bila dagaa. Vimeshuka. Mvua siku ya tano. Akina mama wa Kibirizi wanaanika dagaa na kuanua, kuanika na kuanua, na wanaoza hapo hapo mikononi.

Februari 6

Leo kliniki. Daktari Winfrida alichukua daftari, akaanza kusoma. Mwanzoni alitabasamu kwenye ule mkia wa mgebuka. Alipofika Novemba 24 akaacha kutabasamu. Akasoma mpaka mwisho, akarudi tena kwenye ukurasa ule.

"Mzee, siku ile nilipoeleza, ulisikia mpaka wapi?"

"Mpaka kutafuniwa."

Akafunga macho. Huyu mtoto ana umri wa mjukuu wangu wa kwanza lakini alinifanya nishike kofia yangu kwa mikono miwili.

"Basi sikiliza mpaka mwisho. Hivi virusi, ukichukua watu wazima mia, tisini na zaidi wanavyo. Mimi ninavyo. Mama Gideon bila shaka anavyo. Huyo mlinzi wa getini anavyo. Hakuna mtu duniani anayeweza kusema wewe ulivipata kwa nani. Na wengi wetu tunakufa navyo bila kuumwa chochote. Kwa nini vimeingia kwenye saratani yako wewe na si ya mwingine, hata waliosoma kuliko mimi bado wanatafuta."

"Kwa hiyo siyo muhogo."

"Sijui, Mzee. Wewe pia hujui. Ila wewe ulimwambia kana kwamba unajua."

Halafu akachora. Mchoro uko ukurasa unaofuata, ule unaofanana na nyanya mbovu. Nyanya ni uvimbe. Vitone ndani yake ni askari wa mwili, ile kinga yenyewe. Anasema kwenye uvimbe wa kawaida askari ni wachache, wengi wanazurura nje. Lakini uvimbe wenye virusi unawavuta, wanaingia kwa wingi, wanaujaza.

"Sasa kama wamejaa humo, mbona hawapigani?"

"Kwa sababu seli za saratani zimejivika kitu kama kitambulisho. Askari akikigusa, mwili unamwambia tulia, huyu ni wa nyumbani. Anatulia."

"Kama watu wa msibani."

"Vipi?"

"Wamekuja wote, wamejaa uani, wamekaa. Hakuna anayeshika jembe kuchimba kaburi."

Daktari akacheka, mara ya kwanza leo. Akasema kuna dawa za kuwaondolea askari hiyo amri ya kutulia, na uvimbe wa aina yangu ndio mara nyingi huzisikia. Kwenye kabati lake hazipo. Ameandika barua Dar mara mbili, hajajibiwa. Lakini akasema jambo lingine, na hili nalinakili taratibu nisikosee: kwamba ukichukua wagonjwa wengi, wenye saratani ya tumbo ya namna hii mara nyingi wana afadhali kuliko wenye ile isiyo na virusi. Inakwenda polepole. Wale askari, hata wakiwa wamekaa, kukaa kwao kuna faida. Na ya kwangu imesinyaa kwa dripu. Mvua zikiisha nitakwenda Mwanza kupasuliwa.

"Kwa hiyo, Daktari, kama ni kweli Dada alinipa..."

"Kama ni kweli, na hatutajua, basi alichokupa ndicho kinachokupa nafasi. Nenda kamwambie."

"Nitamtuma Nikodemu."

"Salamu zako nimezisoma, Mzee."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye daftari langu, herufi kubwa kama anaandikia kipofu: NENDA UJIJI.

Liko hapo juu. Sikulifuta.

Februari 7

Ugali, kiganja. Umeshuka. Mvua. Sikwenda.

Februari 8

Ugali. Umeshuka. Mvua. Sikwenda.

Februari 12

Hakuna mvua. Goti linauma. Sikwenda.

Februari 15

Dripu. Hii ni sababu halali.

Februari 21

Mgebuka mzima! Umeshuka! Nikodemu kashangilia kama timu yake imefunga. Jua kali, barabara kavu, bodaboda zimejaa pale njia panda zinaniita Mzee, Mzee, twende. Robo saa tu mpaka Ujiji. Sikwenda.

Februari 23

Skolastika yuko kanisani, nitaandika hili haraka.

Kinachonizuia si goti. Nikienda nitalazimika kumwambia Dada kwamba ulikuwa utani, naye atanitazama, na mimi najua haukuwa utani wote. Siku ile nilipotoka hospitali nilimkasirikia. Nilikuwa na mtu wa kumkasirikia, nikafurahi. Sabini na moja si umri wa kufa kimya bila kumshtaki mtu. Nilimchoma mbele za watu nikaupaka utani juu, kama tunavyopaka mawese juu ya ubao uliooza ili mwenye boti asione.

Nilikusudia. Kidogo, lakini nilikusudia.

Chai. Imeshuka. Sikwenda.

Machi 1

Mwezi wa Ramadhani umeandama. Nikasema afadhali, mtu hamsumbui aliyefunga. Nitakwenda Idi, kwenye pilau, kama kawaida yetu, nitasema yote huku watu wanakula. Skolastika hajibu tena.

Machi 8

Ugali na maharage. Vimeshuka. Nimeongezeka kilo moja na nusu.

Machi 14, Ijumaa

Asubuhi kaja Shadia, hakukaa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Bibi mzima?"

"Babu, Bibi hali."

"Si amefunga?"

"Ndivyo tulivyodhani sote. Sheikh alishamwambia kwa umri wake asifunge. Lakini mchana hali, tukasema kafunga, na magharibi tukifuturu anabeba bakuli lake kwenda nyuma ya nyumba, anarudi limekwisha. Juzi nikaona kuku wa jirani wamenenepa. Kumbe anawamwagia. Sijui ni tangu lini, Babu. Sasa hawezi kuinuka."

Skolastika alikuwa ameshatoa muhogo sufuriani, wa kuchemsha, wenye moto. Akaufunga kwenye kitambaa, akaniwekea mkononi. "Leo hutumi mtu."

Tulipanda bodaboda mbili.

Siwema alikuwa amelala kwenye mkeka, uso ukutani, khanga mpaka puani. Bakuli lenye uzi mwekundu liko kichwani pake, limefunikwa. Mwili umebaki kama khanga iliyosahaulika kwenye kamba. Nikakaa chini. Goti likalia, sikulijali.

"Dada. Mwakeye."

Hakugeuka, lakini aliitikia, ile salamu yetu ya Kiha aliyonifundisha mwenyewe.

Nikamwambia yote. Nikamwambia watu mia, tisini na zaidi wanavyo. Nikamwambia daktari mwenyewe anavyo. Nikamwambia habari za askari, kwamba wamejaa tumboni mwangu, na kwamba aina yangu ina afadhali, nimekula mgebuka mzima, nimeongezeka kilo, nakwenda Mwanza. "Dada, kama ni mate yako basi ndiyo yananishikilia mpaka leo. Hapana kosa. Hapana cha kusamehewa. Kosa ni langu mimi."

Akageuza uso polepole. Macho yale yale.

"Elieza. Hapo unasema au unatania?"

"Nasema, Dada."

"Mimi nitajuaje?"

Miaka sabini na moja nimekuwa na jibu la kila kitu. Nimemjibu padri, nimemjibu hakimu wa mahakama ya mwanzo. Shadia alikuwa amesimama mlangoni, akatazama chini.

Basi nikafungua kitambaa. Nikakata muhogo kipande, nikauweka mdomoni kwangu. Vidonda vya dripu havijapona, uliniunguza kama chumvi kwenye jeraha. Nikautafuna mpaka ukawa laini kabisa, nikautoa kwa vidole viwili, nikashusha khanga kutoka mdomoni mwake.

"Haya, Dada. Na mimi nikutilie mdudu."

Hata hapo. Mungu ananiona, hata hapo sikuweza kunyamaza.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akafungua mdomo. Nikamtilia, akafumba. Nikaona shavu linatembea kidogo. Akanishika kile kidole, akakishika tu, akafumba macho. Nilikaa mpaka adhana ya alasiri, mkono umekufa ganzi, sikuutoa.

Mimi: sikumbuki.
Dada: muhogo, vidole viwili. Umeshuka.

Machi 15

Amefariki alfajiri, wakati wenzake wanakula daku. Shadia alikwenda kumwamsha.

Amezikwa leo leo, baada ya adhuhuri. Mvua ilisimama kutupisha, kisha ikaendelea. Vijana wakachimba, mimi nikaletewa kiti cha plastiki kwa sababu ni mgonjwa. Ua wote ulijaa. Nikodemu alikuwepo, kashika jembe, kalia wazi wazi bila kujificha. Wote tulikuja. Mimi nilikaa.

Machi 17

Shadia kaja na lile bakuli. Kasema Bibi hakuacha wasia, lakini hili hakuna anayetaka kulitumia wala kulitupa.

Akabaki amesimama na viatu mkononi.

"Babu, waliomwosha wamesema tusiseme. Kinachoonekana pale ni amana."

"Basi usiseme, mjukuu wangu."

"Lakini mimi si mwoshaji. Mimi ndiye niliyeshika kichwa. Tulimkuta na ule muhogo shavuni. Wote. Nimeutoa mwenyewe kwa kitambaa."

"Labda hakuwa na nguvu."

"Labda," akasema. "Saa ya magharibi aliomba maji. Nilimpa, akayanywa."

Akaniaga vizuri, kwa adabu zote, akaenda zake.

Machi 20

Sikuandika siku mbili, Daktari, unisamehe. Nilikuwa nakula tu.

Barua ya Mwanza imekuja, ni Aprili tarehe nane. Kilo mbili zaidi. Nikodemu alipita, nikajaribu kumtania, akasema, "Pumzika, Mzee," akatazama ziwani.

Leo: muhogo wa kuchemsha, kiganja kizima, kwenye bakuli lenye uzi mwekundu. Nimetafuna mwenyewe. Umeshuka wote.

Ukurasa wa Machi 14 nimeukosea. Urekebishe kwa ile kalamu yako nyekundu, mimi mkono unakataa. Dada: muhogo, vidole viwili. Haukushuka.